Ulikokwenda Uso wa Mjomba

Bagamoyo, Mfungo Nne

Kwa mama yangu, Bi Mwanahawa binti Mshamu, Kilwa

Mama, shikamoo. Nimeiweka shikamoo peke yake, mbele ya kila neno, na Maalim Omari anayekusomea namwomba atue hapo kidogo, akungoje uitikie, ndipo aendelee. Huko mbele mtaona kwa nini nimeshika sana jambo hili.

Mwili wangu haujambo. Nakula, nalala, na ile homa ya mwezi uliopita imeondoka ikaniachia masikio yanayovuma kidogo tu. Habari zako ndizo ninazozitaka. Lile goti bado linakuuma ukiinuka kwenye mswala? Paa la jikoni kaka Hamisi amekwisha kuliezeka, au bado anasema kesho? Na yule mbuzi mweupe aliyekula ukili wako wote wa mikeka, mmemchinja au bado mnamvumilia?

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule muuza sandarusi. Ilikuwa fupi, na nimeisoma mpaka karatasi imelegea. "Umeniletea kanzu, umeniletea kiti, umeniletea kofia na bakora. Kaka yangu umemwacha wapi?" Mama, una haki. Nilikupelekea picha ya mjomba isiyokuwa na uso, tena bila neno hata moja, kwa sababu niliona haya kukuandikia. Habari ya kifo chake ulikwisha kuipata kwa watu, nami nikajificha nyuma ya watu hao. Leo sijifichi. Nitakueleza uso wa kaka yako ulikokwenda, na palipo na maneno makali Maalim ashushe sauti akitaka, lakini asiruke.

Unamkumbuka marehemu Fundi Inasi, yule Mgoa niliyemtumikia Unguja miaka saba. Alikuwa na sanduku moja la kupigia picha, hiyo wanayoiita kamera, kuukuu, mkunjo wake wa ngozi una viraka vitatu na kimoja nilikishona mimi kwa ngozi ya kiatu. Jicho lake la kioo lilikuwa na ufa pembeni. Na kwa sanduku hilo watu walikuja kutoka mbali, wakatoka wamefanana na nafsi zao. Kazi yangu ya kwanza kwake haikuwa kushika dawa wala vioo. Ilikuwa kusimama mlangoni kuzuia salamu.

Usicheke. Picha haipigwi kwa kupepesa jicho. Kifuniko kinatolewa, mtu anakaa kimya bila kutikisika huku fundi anahesabu, sita, saba, hata kumi kama kuna kivuli, ndipo kifuniko kinarudishwa. Sasa wewe nitafutie mtu mzima wa pwani hii atakayeamkiwa na mpita njia asiitikie mpaka hesabu ya kumi iishe. Fundi Inasi alikuwa Mkristo wa Goa, lakini hilo alilijua kuliko wengi wetu. Mtu akija, alianza kumwamkia tangu kizingitini. Watoto hawajambo? Shamba je? Na yule mgonjwa? Aliuliza mpaka salamu zikakauka zenyewe. Kisha husema, "Tumekwisha kuamkiana, sasa tukae." Ndipo hufungua jicho. Alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho akanipa lile sanduku, nami nikaja nalo huku Bagamoyo kutafuta riziki yangu.

Hapa nikakutana na Bwana Hilali. Huyu ni mtoto wa tajiri wa pembe, nyumba ya mawe, mlango wa nakshi, na hajafanya kazi yoyote tangu kuzaliwa isipokuwa kuchagua. Aliona kamera kwa Wazungu huko Unguja, ikamwingia. Akaagiza yake Ulaya. Mama, niliipenda ilipofunguliwa, kwa nini nikufiche? Mbao nyekundu zinazong'aa, shaba kila pembe, jicho kubwa kuliko kikombe cha kahawa, miguu mitatu inayokunjwa, pazia la mahameli jeusi, mwavuli mweupe, hema la giza, na makasha ya vioo vilivyopakwa dawa huko huko kwao, unaviweka tu. Kusafirisha vitu hivyo kunataka wapagazi sita. Na kabla hajapiga picha hata moja, alikwisha kuchongesha ubao akautundika mlangoni: MPIGA PICHA MKUU WA MRIMA NZIMA.

Mimi akaniajiri nichanganye dawa na nishike mwavuli. Kamera hanipi. "Mkono uliozoea sanduku la viraka," anasema, "utaniharibia shaba." Basi nikawa naona anavyofanya kila siku. Anaelekeza jicho kwenye jua kali, watu wanatoka weusi hawana pua. Anasahau kifuniko anazungumza. Anaweka kioo kile kile mara mbili, bibi harusi anatokea amepandwa na ngamia kichwani. Na kila kosa lina mwenyewe, isipokuwa yeye. Mara jua la huku si kama la Ulaya, mara mteja mweusi mno, mara mimi nimekohoa. Watu wanaondoka na karatasi zao wamezikunja, wanasema lazima ni nzuri, si mmeona kamera yenyewe ilivyo?

Picha moja tu ukutani kwake ndiyo picha. Ni ile yeye mwenyewe kasimama na joho lake, mkono mmoja juu ya kamera mpya. Kila mgeni huonyeshwa. "Tazameni kazi ya kamera hii!" Na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza kamera ilijipigaje yenyewe ikiwa imesimama mle ndani ya picha. Niliipiga mimi, mama, kwa sanduku la Fundi Inasi.

Huyo ndiye mtu niliyempelekea mjomba.

Uliponiandikia mwaka jana kwamba nimtafute kaka yako, sikupata taabu. Kaole si mbali, ni mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu, na kila mtu anamjua Mzee Mfaume mshona kofia. Nilimkuta barazani, sindano mkononi, kofia ya viua, ile ya vitundu vitundu, magotini. Sindano ile ile moja, aliniambia, ananoa ncha yake kwenye jiwe na hajanunua nyingine tangu afe mkewe. Nilipomtajia jina lako alishona vitundu viwili zaidi kabla ya kuinua macho. Kisha akaniuliza kama bado unaogopa mijusi.

Nikamweleza ombi lako. Maneno yako nayajua kwa moyo: kwamba miaka thelathini ni mingi, kwamba sauti yake bado unaisikia vizuri, hata kikohozi chake, lakini uso umeanza kukuponyoka, na hutaki kufa umeusahau uso wa mtu aliyekubeba mgongoni. Mjomba akasema atavaa kanzu ya Idi na kofia aliyoishona mwenyewe.

Na sasa nakuja kwenye kosa langu, maana hasira yangu kwa Hilali ni rahisi, hii ya nafsi yangu ndiyo inayoninyima usingizi. Sanduku la Fundi Inasi lilikuwa chini ya kitanda changu. Dawa nilikuwa nazo, kidogo, za picha moja au mbili. Ningelibeba begani nikaenda Kaole siku ya pili yake, mambo yakaisha. Sikwenda. Nilisema moyoni: mama ameomba kitu kimoja tu maishani, nimpelekee picha ya sanduku la viraka? Nikataka shaba. Nikataka lile jicho la Ulaya limtazame mjomba wangu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mikono ile inavyoharibu, na bado nikaona kamera nzuri itamshinda mwenye kamera. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mchagua jembe si mkulima. Nilidhani unawasema watu wengine.

Nikambembeleza Bwana Hilali siku tisa. Akakubali, kwa kuwa Kaole kuna makaburi ya kale ambayo Wazungu hupenda kuyatazama, naye alitaka kuyapiga picha. Tukaenda na wapagazi sita na mwavuli.

Mjomba alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa tangu alfajiri. Wazee wa Kaole wamejaa uwanjani kutazama. Bwana Hilali akaingia, mama, katika uwanja wa watu wazima, hakuamkia mtu. Moja kwa moja kwenye miguu yake mitatu. Weka hapa, ondoa pale, inua mwavuli. Nikajaribu kumnong'oneza, "Bwana, tuwaamkie kwanza, tumalize." Akaniambia, "Wewe shika mwavuli."

Nikamwendea mjomba mwenyewe, nikamweleza: "Mjomba, akitoa kile kifuniko, usitikisike wala usiseme, mpaka akirudishe."

"Hata nikiwashwa?"

"Hata ukiwashwa."

"Haya, mpwa wangu. Kwa ajili ya Mwanahawa nitakuwa gogo."

Na alikuwa gogo kweli. Alikaa vizuri, bakora mkononi, kidevu juu, na macho yake, mama, yalikuwa yanatazama lile jicho utadhani anakuona wewe ndani yake. Ile ndiyo picha uliyoomba. Niliiona mimi, ilikuwapo. Hilali akatoa kifuniko.

Hapo hapo mzee mmoja nyuma yetu akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa, "Watoto wa siku hizi huingia uwanjani mwa watu kama kuku." Hilali akasikia. Uso ukamwiva kwa haya. Na badala ya kuhesabu, mjinga yule, kifuniko mkononi, jicho wazi, akamwinamia mjomba mbele ya watu wote kuonyesha adabu zake, akasema, "Shikamoo, mzee!"

Nilimwona mjomba akipigana. Wallahi nilimwona. Alizuia hesabu ya moja, akazuia ya pili, midomo imebana. Lakini mtu mzima aliyelelewa na babu yangu ataiachaje shikamoo ya kijana ining'inie hewani, mbele ya majirani? "Marahaba," akasema, na kichwa nacho kikaenda. "Marahaba, marahaba mwanangu! Hujambo? Baba hajambo? Watu wa nyumbani?" Akainama, akatabasamu, akageuka huku na huku, alivyo mtu wa heshima.

"Funika!" nikapiga kelele. "Bwana, funika!"

Hilali akanigeukia. "Huoni mzee anazungumza? Huna adabu wewe?"

Nilikisafisha kile kioo mwenyewe, kwenye ghala lisilo na dirisha, kwa taa iliyovikwa kitambaa chekundu. Kiti kikatokea. Bakora ikatokea. Kanzu, kila mkunjo. Ile kofia unaweza kuhesabu vitundu vyake ukingoni. Na kati ya kofia na kanzu, moshi. Nilisimama na kile kioo kinachuruzika maji mpaka mkono ukafa ganzi.

Bwana Hilali alifurahi. "Tazama ukosi ulivyotoka!" aliniambia. "Hiyo ndiyo kamera ya Ulaya. Mzee wako ndiye aliyetikisika." Nikamwomba turudie. Akasema makaburi yale hayakutikisika, na watu wajifunze kwa makaburi. Nikamwomba aniazime kamera asubuhi moja tu, nikapiga magoti, mama, mimi mwanao nilipiga magoti. Akaniambia niinuke nikapanguse shaba.

Ndipo nikalikumbuka la chini ya kitanda. Nikalitoa. Dawa zilikuwa zimeharibika kwa unyevu, nikaagiza nyingine Unguja. Nikaenda Kaole kumwambia mjomba anisubiri. Alicheka. "Ningefanya nini, mpwa wangu? Shikamoo ya mtu ni amana. Njoo na hilo sanduku lako, na safari hii tuamkiane mpaka tuchoke." Dawa zikachelewa wiki tatu. Zilipofika nilibeba sanduku begani nikatoka na umande, na njiani nikakutana na mtu anakuja kuniita.

Walikuwa wamekwisha kumwosha na kumkafini, wananingoja mimi tu, jamaa yake. Nikaliweka sanduku nje ya ua, nikaingia, nikamwona. Homa ya siku mbili tu, mama, na Bi Mashavu jirani yake, aliyekuwa akimpikia, hakumwacha hata saa moja. Nilikaa mkekani na wanaume wengine tukisubiri kutoa jeneza.

Kisha nikasikia wapagazi.

Alikuja na vyote. Miguu mitatu, mahameli, mwavuli. Uwanja wa msiba, watu wamekaa chini wameinamisha vichwa, na Hilali anatafuta mahali penye mwanga. Akanijia mpaka nilipokaa, akanishika bega kama rafiki. "Nimesikia, nikaona nikufae," akasema. "Waambie wafunue uso. Leo hatatikisika."

Nimeandika neno hilo na kalamu inakataa. Leo hatatikisika. Hakusema kwa ubaya, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliona kweli kwamba amepata dawa ya tatizo lake.

Bi Mashavu ndiye aliyetoka upande wa wanawake, kitambaa cha machozi mkononi, akamtazama yeye, akaitazama shaba.

"Mwana wa watu, umekuja kuzika au umekuja kuwinda?"

"Bibi, nataka kumsaidia huyu, picha ya kwanza mzee..."

"Mzee alikuitikia wewe! Uso wake ulipotea kwa kukustahi wewe! Ondoa miti yako mitatu uwanjani."

Wazee wakainuka, na haikuwa lazima waseme. Wapagazi wenyewe walianza kukunja kabla hajawaamuru. Tukamzika mjomba kabla ya adhuhuri.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Hilali, nikachukua nakala moja, hiyo uliyo nayo, nikamrudishia mwavuli wake na maneno ambayo hata Maalim hawezi kukusomea. Sikurudi tena. Lakini nyingine bado iko ukutani kwake, na unajua anawaambia nini watu? Kwamba kamera yake ina nguvu, ilimwona mzee yule amekwisha kutokwa na roho kabla mwenyewe hajajua. Watu wanakuja mpaka kutoka Pangani kuitazama. Wanatemea mate kifuani kujikinga, wanamsifu Hilali, na wanataka kupigwa wao pia. Ujinga wake umekuwa karama. Nikipita mtaa ule hugeuza uso.

Sasa nimepanga chumba karibu na wanakopanga wapagazi wa bara, na nimelitoa sanduku la viraka barazani. Ubao sina. Juzi alikuja Mnyamwezi mmoja aliyefikisha mzigo wake, anataka sura yake aipeleke kwa mama yake. Tuliamkiana mpaka akaniuliza kama nina haja ya kumwoza dada yangu. Kisha nikafungua jicho. Ametoka mzima, na kovu lake shavuni, na meno aliyokuwa anajaribu kuyaficha. Nilipompa aliitazama, akaifunga kwenye nguo yake, nami nikaingia ndani nikalia, kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo.

Nisalimie kaka Hamisi, na mkewe, na watoto wote. Nisalimie shangazi mwenye duka la chumvi, mwambie mkeka wake nauswalia kila siku. Msalimie Maalim Omari kwa taabu ya macho yake. Bi Mashavu naye anakupa pole na salamu, na ile sindano ya mjomba ameniachia mimi, nitaileta mwenyewe Mungu akinipa uhai.

Mama, uso sina wa kukupa. Ningekuwa nao ningetembea mpaka Kilwa kukuletea. Lakini ulisema sauti yake hujaisahau. Basi usiifiche ile picha sandukuni, wala usiione mzuka. Asubuhi ukiamka, ishike, umwambie kaka yako shikamoo. Pale penye moshi ndipo anapoitikia.

Ni mimi mwanao, mwenye kosa na mwenye kukupenda,

Athumani